Aliyeachwa Chumbani

Mwaka 1902 kijana wa Kimisri mwenye umri wa miaka 13 alichukuliwa na nduguye mkubwa mpaka Cairo, ili asome Al-Azhar. Kijana huyo, Taha Hussein, alikuwa haoni tangu utotoni. Mlango wa chuo haukufungwa mbele yake. Wasioona walikuwa wakisoma humo tangu zamani, kwani elimu ya pale ilitegemea sana kusikiliza na kuhifadhi. Basi taabu yake ilikuwa wapi?

Ameieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Al-Ayyam. Darasa zikiisha, nduguye alimrejesha chumbani, akamwacha peke yake, akaenda kwa rafiki zake kunywa chai na kudurusu. Kijana aliwasikia wakizungumza na kucheka, akatamani kuwa nao, lakini aliona haya kuomba. Upweke huo ulimtoka siku alipokuja binamu yake kukaa naye, wakawa wakienda darasani pamoja na kusoma pamoja.

Mtu huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata udaktari wa Chuo Kikuu kipya cha Cairo, mwaka 1914, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa Misri. (Baadhi ya maandishi yake yalipingwa vikali na wanavyuoni, hayo siyo tunayoyanena leo.)

Kwetu sheria za haki za watu wenye ulemavu zilitungwa, Kenya mwaka 2003 na Tanzania mwaka 2010. Twataka chuo kijenge njia ya mteremko pembeni mwa ngazi, kilete vitabu vya nukta nundu na mkalimani wa lugha ya alama, na hapana shaka ni wajibu wake. Lakini ni sheria gani itakayombisha kijana hodi kwa mwenzake saa mbili ya usiku? Wanafunzi hupanga kudurusu ghorofa ya tatu, na mwenye kigari akabaki chini. Huzungumza wote kwa pamoja, na asiyesikia hajui amtazame nani mdomoni. Kisha humpelekea daftari asubuhi, wakadhani wamemtendea wema!

Na wazazi nao wasimwambie mtoto huyo akae tu asije akasumbua watu. Haya ile aliyokuwa nayo Taha Hussein hufundishwa nyumbani.

Twawaomba vijana wetu walioko vyuoni, kabla ya kuchagua mahali pa kudurusu mwezi huu, wamwulize kwanza mwenzao huyo ni wapi anapoweza kufika.