Fulana haimezwi

Jumatatu ya pili ya Februari ni Siku ya Kimataifa ya Kifafa. Wahisani huleta mabango na fulana za zambarau, watu huandamana, mgeni rasmi huhutubia, picha hupigwa. Hatuna ugomvi na maandamano. Ugonjwa uliofichwa vyumba vya uani kwa vizazi una haki ya kutembezwa barabarani. Ugomvi wetu unaanza Jumanne, pale mgonjwa aliyeisadiki hotuba anapofika zahanati ya kijijini kwake na kuambiwa dawa zimekwisha, ajaribu tena mwezi ujao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wanaishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema pia kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, lau wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa yenyewe si ngeni wala si ghali. Fenobabitali inatumika tangu 1912, na dozi ya mwaka mzima inaweza kupatikana kwa takriban dola 5 za Marekani. Fulana iliyochapwa nembo mbele na nyuma haiko mbali na bei hiyo.

Tusieleweke kwamba tunaudharau utafiti. Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI ya Kenya imeshirikiana na mfuko wa Wellcome wa Uingereza tangu 1989, fedha za mwasisi wa mfuko huo, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki 1936, zimetuzalia elimu ambayo hakuna bajeti ya kaunti ingeigharimia. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakazungumza na wagonjwa na hata waganga wa kienyeji. Leo tunajua kwamba kifafa cha watu wetu mara nyingi kina chanzo kinachoshikika: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa, minyoo.

Huko huko Kilifi ndiko lilikofanywa jaribio ambalo kila mfadhili wa elimu ya jamii angepaswa kulisoma. Watu 738 wenye kifafa waligawanywa makundi mawili kwa kura, kundi moja likafundishwa kuhusu ugonjwa wao. Matokeo yalichapishwa 2014. Waliofundishwa walipunguza imani ya kwamba kifafa huletwa na pepo au uchawi, na hilo si dogo. Lakini umezaji wao wa dawa haukuwa bora kuliko wa wenzao ambao hawakufundishwa. Somo liliingia kichwani, kidonge hakikufuata. Sisi hatushangai. Kati ya kujua na kumeza kuna nauli, kuna siku ya kibarua inayopotea, kuna mume asiyetaka majirani wajue.

Tanzania nayo ina ushahidi wake, mkongwe zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, juu ya milima ya Ulanga. Yeye alianza na dawa, na elimu ikapita mlango huo huo: jirani aliyemwona mgonjwa ameacha kuanguka hakuhitaji kuhubiriwa. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Rwiza walichapisha habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa, wengine kwa kuanguka mfululizo bila kuzinduka, wengine kwa maji, wengine kwa moto. Mtu wa kifafa huangukia kisimani. Huangukia mafiga.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Fenobabitali ikikatizwa ghafla, mgonjwa anaweza kupatwa na degedege lisilokatika, na hilo huua. Kwa hiyo mhisani anayeleta vidonge vya miezi 6, akapiga picha na kuaga, huenda akamwacha mtu pabaya kuliko alipomkuta. Miradi hupenda kuwa na mwisho, na ripoti yenye jalada. Kifafa hakisomi ripoti. Mfano wa ahadi inayofaa upo: mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya Mectizan dhidi ya ugonjwa wa usubi, kwa kiasi kinachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Dawa hiyo ingali inagawiwa, Mahenge ikiwamo, ambako watafiti sasa wanauhusisha usubi na wingi wa kifafa.

Wala tusiwaachie wageni kila kitu. Kamati zetu za harusi hukusanya mamilioni kwa wiki chache, na sadaka za Ijumaa na Jumapili hazijawahi kukauka. Msikiti au kanisa linaweza kubeba wagonjwa wa zahanati moja mwaka baada ya mwaka. Ila dawa hii inadhibitiwa kisheria, si ya kununuliwa na kamati na kugawiwa barazani. Fedha zipitie kwa mganga mfawidhi, na kamati idai kuona daftari la stoo. Nauli ya mhudumu wa afya wa kumfuata mgonjwa nyumbani ihesabiwe humo humo.

Halmashauri na serikali za kaunti zina neno la mwisho, maana hakuna mradi unaoingia kijijini bila saini yao. Tunazitaka zisitie saini mradi wowote wa kuelimisha jamii kuhusu kifafa mpaka ziwe zimeoneshwa, kwa maandishi, nani atanunua dawa mfadhili akishaondoka.