Nyumba Njema si Mlango



Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wiki hii twaomba tuingie pamoja katika ghorofa zinazojengwa na serikali jijini Nairobi. Wengi wetu huku pwani tuna mabinti, ndugu na wajukuu wanaoishi Kibera na Kawangware, na habari za nyumba hizo zimewatia matumaini makubwa.

Kibera si ngeni katika historia ya Waislamu. Wanubi, waliokuwa askari wa jeshi la Kiingereza, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hati ya ardhi hawakuipata hadi mwaka 2017, walipopewa ekari 288. Wapangaji wengi hapo huishi katika chumba kimoja cha udongo na bati, baba, mama na watoto, na pazia ndilo ukuta wao. Kawangware nako, katika ploti za watu binafsi, choo kimoja huhudumia milango kadhaa.

Mwaka 2009 wakaazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa majengo ya muda ya Lang'ata ili mahali pao pajengwe. Humo familia mbili au tatu ziliwekwa katika fleti moja, kila moja na chumba chake, huku jiko na choo vikiwa vya wote. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa Julai 2016: 108 za chumba kimoja, 570 za vyumba viwili na 144 za vyumba vitatu. Binti aliyeingia Lang'ata akiwa na miaka minane alikaribia kumi na mitano siku hiyo. Miaka ya kujifunza haya na kujisitiri aliipitisha akipishana na wageni mlangoni pa bafu.

Leo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 yawatengea nyumba za jamii wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Basi nyumba hizi ni jasho letu, nasi tuna haki ya kuuliza.

La kwanza ni sitara. Dini yetu imetufunza kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka kumi, na Suratun Nur yawafunza kuomba idhini nyakati tatu kabla ya kuwaingilia wazazi. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, yenye mlango wa kufungwa na choo cha ndani, ni neema kwa maharusi, kwa mjane na kwa mzee. Kwa mama mwenye wana na mabinti waliobaleghe, ni pazia lile lile lililopandishwa ghorofani. Hatusemi aikatae, twasema aeleze idadi na umri wa watoto wake tangu siku ya kujiandikisha, kwani funguo zikishatolewa kubadilisha ni kazi.

La pili ni mkataba. Tuulize kama malipo ya kila mwezi yana riba, na tukiwa na shaka tuwaendee masheikh kabla ya kutia saini.

La tatu ni jina. Mke anayechangia malipo kwa biashara yake ya mahamri ana haki ya kuandikwa pamoja na mumewe. Kuandikwa hakuvunji heshima ya mume. Huwalinda mayatima siku ya mirathi.

Nasi tulio mbali tusibaki watazamaji. Tuwapigie simu jamaa zetu wiki hii, tuwasomee mambo haya matatu, na mwenye uwezo amsaidie nduguye kuweka akiba ya malipo ya kwanza.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu na sitara. Amin.