Kamera inayohesabu matundu

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Kuna kamera ya otofokasi mjini Bungoma iliyobaki kidogo tu iuzwe kwa bei ya vyuma vikuukuu, kwa sababu fundi mmoja hapa Kitale aliifungua, akaitazama, akasema "hii imekufa". Haikufa. Betri mpya, lenzi safi, inalenga vizuri kuliko macho yangu. Kosa lake ni kwamba iliwekewa filamu isiyo na matundu pembeni. Ikazungusha mota, ikapepesa alama ya filamu, ikagoma. Kitufe cha kupigia picha ukikibonyeza, kimya.

Mwenyewe ni mzee aliyepiga picha za harusi na za vitambulisho tangu enzi za roli za 36. Filamu siku hizi ni ghali na haipatikani madukani huku kwetu, mpaka umwagize mtu Nairobi. Kwa hiyo alipopewa kipande kirefu cha mikrofilamu ambacho hakikuwahi kutumika, alifurahi, na ana haki ya kufurahi. Upana ni milimita 35, ule ule. Akajaza kopo gizani, mikono imeshazoea. Kilichobaki kilikuwa kazi ya kamera.

Kwa wasiojua: mikrofilamu ni filamu ya kunakilia hati na magazeti. Kumbukumbu za serikali ya kikoloni zilizo katika Nyaraka za Taifa kule Nairobi zilipigwa kwa mikrofilamu miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kikachukua nakala. Mashine zake huivuta kwa roli laini, hazihitaji meno, ndiyo maana ile ya milimita 35 kwa kawaida haina matundu. Wapo pia wapiga picha wa shule, hasa Marekani, waliotumia filamu ya rangi ya upana huo huo katika roli ndefu zisizo na matundu. Filamu hizo zipo na zinashika mwanga. Mikrofilamu ina kasi ndogo na weusi mkali, lakini mtu mwenye subira anapata picha.

Matundu tuliyoyazoea yalirithiwa kutoka filamu za sinema. Kodak walipoleta kopo la 135 mwaka 1934, ukanda ulikuwa ule ule wa sinema: tundu kila milimita 4.75, matundu manane kwa kila picha, jumla milimita 38. Picha yenyewe inachukua 36, mbili zinabaki kuwa nafasi. Katika kamera ya mkono, gurudumu la meno linapima milimita hizo 38 kila ukivuta wenzo. Ukiweka filamu isiyo na matundu, meno hayashiki kitu, lakini mara nyingi spuli inaendelea kuvuta. Nafasi kati ya picha zitakuwa hazilingani, filamu inaweza kukwaruzwa, ila picha utapiga. Kamera haina akili ya kukukataza.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Minolta 7000 mwaka 1985, Nikon F-501 mwaka 1986, Canon EOS 650 mwaka 1987, mota ndani na chipu ndani. Sasa matundu hayavutwi tena, yanahesabiwa. Katika kamera nyingine kuna kigurudumu kidogo kinachozungushwa na filamu inapopita. Katika nyingine, kama EOS 500 ya mwaka 1993, kuna taa ndogo ya infraredi na kihisi: tundu likipita, hesabu moja. (Taa hiyo hiyo huunguza kingo za filamu ya infraredi, ndiyo maana kamera za aina hiyo hazifai kwa filamu hiyo.) Filamu isiyo na matundu ikipita hapo, hesabu inabaki sifuri. Na ukiitazama tabia yake, unaweza kuandika programu iliyochomwa ndani kwa mstari mmoja: kama mota imezunguka kwa muda fulani na hesabu bado ni sifuri, hakuna filamu, funga kila kitu.

Hakuna filamu! Ilhali filamu ipo, imenyooka, inazungushwa na mota hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapogombana na wahandisi, na mimi ni mmoja wao. Yule aliyeandika mstari ule alitaka kujua kama filamu inasogea. Kupima hilo moja kwa moja ni kazi, akapima kitu cha jirani, yaani matundu. Sawa, sote tunafanya hivyo, tarakilishi haziwezi kuishi bila njia za mkato. Lakini akasahau kwamba ilikuwa njia ya mkato. Dalili ikawa ndiyo kitu chenyewe, na mwenye kamera hakuachiwa hata kitufe kimoja cha kusema "najua, endelea".

Nimeshaandikiwa na rafiki yangu wa chuo kwamba ninaonea, kwamba kinga ile iliokoa harusi nyingi. Ana hoja, na simpuuzi. Muulizeni mpiga picha yeyote wa zamani kuhusu filamu iliyoteleza kwenye spuli: unapiga picha 36 za bibi harusi, unafika chumba cha giza, ukanda mtupu, na harusi hairudiwi. Kamera inayopiga kelele kabla ya hapo ni kamera nzuri. Ipige kelele basi! Ipepese alama, ilie kama kuku aliyeona mwewe. Lakini kuonya ni kitu kimoja na kufunga ni kingine. Kamera ya boksi ya zamani, ile ya kidirisha chekundu nyuma, haikuhesabu kitu. Ilikuonyesha namba kwenye karatasi ya filamu, ukaamua wewe.

Na msidhani hili ni la kamera tu. Siku ya uchaguzi wa Agosti 2022, vifaa vya KIEMS vilipogoma katika baadhi ya vituo vya Kakamega, jirani zetu hapa, na vya Makueni, IEBC iliruhusu daftari la karatasi. Watu wakapiga kura kwa sababu kulikuwa na mlango wa pili. Sasa mfikirie mkulima wa Trans-Nzoia ambaye jembe limemfuta alama za vidole, yuko mbele ya mashine isiyo na mlango huo. Yeye ni filamu isiyo na matundu. Yupo, anaonekana, na skrini inasema hayupo.

Turudi kwa mzee. Ushauri unaozunguka mtandaoni ni kugundisha kipande cha filamu ya kawaida mwanzoni. Hausaidii: kamera inameza kipande kile kwa furaha, kikiisha inagoma katikati. Kutoboa mwenyewe kunawezekana, lakini picha 36 ni matundu 288 hata kama kihisi kinasoma upande mmoja tu, kwenye giza totoro, kila moja milimita 4.75 kutoka mwenzake. Na vijipande vilivyobaki vikiingia kwenye mota, hapo ndipo fundi atakuwa amesema kweli.

Mimi naona tuidanganye. Chipu ndogo ya bei rahisi iunganishwe mahali pa kihisi, na kila mota inapozunguka itoe mapigo manane, kamera iamini imeona matundu manane. Nilimwambia mzee wazi kwamba mapigo hayo yatafuata saa, hayatafuata filamu, kwa hiyo kadiri spuli inavyonenepa nafasi kati ya picha itapanuka, roli haitafikisha 36, na mwisho wa filamu atauhesabu kichwani.

"Kijana wangu," akasema, "nilikuwa nakata nega kwa makasi kabla hujazaliwa. Lete hiyo chipu."

Jumamosi ninapanda matatu kupitia Kiminini na Webuye, na kiunzi cha kulehemu mfukoni.