Akili Haiuzwi kwa Kidonge



Kila mwaka, mvua zinapokwisha na baridi ya mwezi wa sita inaposhuka juu ya Likasi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hujiandaa kwa siku nne za Mtihani wa Taifa, ule ambao sote tunauita Examen d'État. Majuma machache kabla ya siku hizo, biashara moja huchanua katika masoko yetu: biashara ya kununua usingizi wa watoto. Kuna kidonge cha kukesha, kidonge cha kuondoa woga, sirapu ya kutia akili. Vidonge vinauzwa kimoja kimoja, bila karatasi ya daktari, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui kilichomo. Haitupasi sisi walei kunyamaza. Tunasema waziwazi kwamba biashara hiyo ni udanganyifu, na kwamba anayeifumbia macho anashiriki ndani yake.

Tuanze na tramadoli, kwa kuwa ndiyo inayotembea zaidi mikononi mwa vijana. Hiyo ni dawa ya maumivu makali. Imetengenezwa viwandani, lakini ni ndugu wa afyuni. Daktari humpa mgonjwa aliyepasuliwa au aliyevunjika mfupa, kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Ndani yake hamna kanuni hata moja ya hesabu wala neno moja la historia. Inachofanya ni kuzima kengele ambayo mwili hupiga unapochoka. Mchimbaji huimeza ili asisikie uzito wa shimo, na mwanafunzi humwiga akidhani kwamba kutosikia uchovu ni sawa na kuwa na nguvu. Mwili lakini hausahau deni lake. Dawa hiyo ikizidi huweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajapata kuugua kifafa, na ikichanganywa na lutuku hupunguza pumzi mpaka pumzi yenyewe ikome. Aliyeizoea, siku anayoikosa hutetemeka, hutoka jasho, hakai wala halali. Huyo atawezaje kushika kalamu?

Tusikilize habari moja kutoka kaskazini mwa Kameruni. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta tramadoli katika mizizi ya mti unaotumiwa na waganga wa kienyeji. Watu walistaajabu: je, mti huu hutengeneza dawa ya kiwandani? Mwaka 2014 wataalamu wengine walionyesha chanzo chake. Wakulima wa huko walikuwa wakimeza tramadoli wao wenyewe na kuwapa ng'ombe wao, ili wavute plau kwenye jua kali bila kuchoka. Kwa mkojo na kinyesi dawa ikaingia ardhini na majini, na mizizi ikainyonya. Vijana, fikirini vizuri jambo hili. Ng'ombe hapewi dawa ili awe na akili. Hupewa ili avute bila kuuliza. Anayemwuzia mwanafunzi kidonge hichohicho na kukiita dawa ya akili amemhesabu kuwa mnyama wa kazi.

Wengine hujibu: «Lakini hata huko Ulaya na Marekani wanafunzi humeza dawa za kusomea.» Ni kweli, humeza. Zipo dawa kama Ritalin, ambazo daktari huwaandikia wagonjwa wenye shida ya kutuliza mawazo, na wanafunzi wazima huzitafuta kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2023 watafiti walichapisha jaribio walilofanya na watu 40 wenye afya. Kila mmoja alipewa kazi ya kuchagua vitu vya kutia katika mfuko, ili thamani iwe kubwa bila uzito kuvuka kiasi. Walipomeza dawa hizo walijitahidi zaidi, wakatumia muda mrefu zaidi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi. Lakini ubora wa kazi yao ulishuka. Bidii iliongezeka na busara ikapungua. Basi hata mwenye fedha za kununua dawa ya ghali hununua jasho tu, hanunui akili.

Na usingizi wenyewe ni nini? Wengi huudharau kama uvivu, na kuna wazazi wanaojisifu kwamba mtoto wao halali. Sayansi inafundisha kinyume. Usiku, mtu anapolala, ubongo hupanga na kuimarisha yale aliyojifunza mchana. Mwanafunzi anayekesha siku tatu mfululizo hufanana na mkulima anayepanda mbegu na kuzifukua usiku uleule. Kahawa na tunda la kola, ambalo tunaliita makasu, vina kafeini, nayo huziba tu mlango ambao uchovu hupitia kuujulisha ubongo. Uchovu hubaki nje ya mlango ukingoja. Hatukatazi kikombe cha kahawa asubuhi. Tunakataa kikombe cha sita saa nane za usiku.

Kuhusu sirapu za vitamini, tuseme haki. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa ajili ya malaria au kwa kukosa chakula bora anahitaji matibabu, na akitibiwa atasoma vizuri zaidi. Lakini vitamini humsaidia aliyepungukiwa. Hazimwongezei kitu aliyeshiba. Kama tunatafuta kirutubisho ambacho kweli kimelinda akili za watoto wa Kongo, kiko jikoni mwa kila mama: ni chumvi yenye iodini. Iodini ikikosekana tangu tumboni mwa mama, ubongo wa mtoto hudumaa. Tangu miaka ya 1990, kuenea kwa chumvi hiyo katika nchi yetu kumewaokoa watoto wengi. Haikuuzwa kwa siri kabla ya mtihani.

Tunaijua pia hoja iliyo nzito kuliko zote. Mwanafunzi husema: «Mchana nafanya kazi za nyumbani, jioni umeme hakuna, unarudi usiku wa manane, nisome lini?» Hoja hii ni ya haki, na hatutaijibu kwa kumkaripia. Twaijibu kwa kuwageukia wakubwa. Mzazi anayepata fedha ya sirapu lakini hapati fedha ya uji wa asubuhi, apange upya matumizi yake. Shule inayolipisha masomo ya ziada mpaka giza, kisha ikashangaa watoto wanasinzia, ijiulize inatafuta elimu au inatafuta ada. Mwuza dawa anayejua kwamba mteja wake ana miaka kumi na saba hana udhuru wowote mbele ya Mungu wala mbele ya sheria. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya kweli ya matibabu ni kosa zito, na kwamba kuzitengeneza kwa siri na kuzifanyia biashara ni uovu wenye kuleta kashfa. Fundisho hilo halimhusu mwanafunzi peke yake.

Someni katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Elia alichoka hata akaomba kufa. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea, wala hakumpa kitu cha kumfanya asahau uchovu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa mkate mara ya pili. Ndipo Elia akatembea siku arobaini mpaka mlima wa Mungu. Safari ilikuwa ndefu kuliko mtihani wowote, nayo ilianza kwa chakula na usingizi.

Kwa hiyo tunaviomba vikundi vyote, wana-Kiro, wana-Xaveri na wengine, viombe parokia zao chumba kimoja chenye mwanga, kifunguliwe baada ya masomo mpaka jioni. Wakubwa wawasimamie wadogo, na kila mmoja amweleze mwenzake somo analolijua. Kazi hiyo ianze mwezi wa kwanza, isingoje wa sita. Anayesoma kidogo kila siku hana haja ya kununua usiku. Na yule ambaye tayari ameshikwa na kidonge, msimcheke wala msimfukuze. Msindikizeni kwa mganga wa zahanati, kwa maana kuacha ghafula na peke yake kunaweza kumdhuru.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, nani huuza dawa hizi, na nani anajua lakini ananyamaza?

2. Tukipewa chumba, tutakifungua siku gani, na nani atashika ufunguo?

3. Ni mwenzetu yupi ambaye hajalala vizuri juma hili, na tutamsaidia namna gani kabla ya Jumapili?