Treni si adui yetu, amri ndiyo iliyotuumiza

Vijana wenzetu, leo tuzungumze kuhusu kontena.

Ndiyo, kontena. Lile sanduku la chuma ambalo wengi wetu tunalijua kama kinyozi au duka la M-Pesa pale mtaani. Aprili 1956, Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 kwenye meli iitwayo Ideal X na kuyapeleka kutoka Newark hadi Houston. Wazo lake halikuwa gumu. Badala ya mahamali kushusha gunia moja moja kutoka kwa lori na kulipandisha melini, si uinue sanduku zima? Sanduku hilohilo lipande lori, lipande behewa, lipande meli, bila kufunguliwa njiani.

Hapo ndipo ulipokua usafirishaji mseto tunaouona leo. Kila chombo kina kazi yake. Meli hubeba mingi kwa bei nafuu, lakini ni ya polepole. Ndege ni ghali, lakini ua lililokatwa Naivasha asubuhi haliwezi kungoja, kwa hivyo linapanda lori la baridi hadi uwanja wa JKIA na kuruka hadi Ulaya. Treni ni ya mzigo mzito na safari ndefu. Treni moja ya SGR inaweza kubeba makontena 108 ya futi 20. Lori nalo linaingia mahali ambapo reli haifiki: ghala la Industrial Area, duka la Kitui, soko la Garissa. Hata Kisumu kuna MV Uhuru, meli iliyojengwa kubeba mabehewa ya treni kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda.

Sasa swali. Kama mambo ni mazuri hivi, mbona Mombasa tulilia?

Wadogo zetu waliokuwa shule mwaka 2019 pengine hawakumbuki vizuri. SGR ilifunguliwa Mei 2017, kwa gharama ya takriban bilioni 327, pesa nyingi zikiwa mkopo kutoka China. Mkopo lazima ulipwe, na treni hailipi deni ikitembea tupu. Basi Agosti 2019 ikatoka amri: mizigo inayoingia nchini na kwenda bara ipande SGR, ikakaguliwe na kutolewa huko Nairobi. Mwaka uliofuata mizigo ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani nayo ikaelekezwa Naivasha.

Ona kilichotokea. Mzigo ukitolewa Nairobi, wakala wa forodha aliyekuwa na ofisi Mombasa anafunga au anahama. Dereva anakosa safari. Taniboi anakosa posho. Makanika wa Miritini hana gari la kutengeneza. Mama aliyekuwa akiuzia madereva chai na mahamri Mariakani anabaki na birika limejaa. Wenye vyumba vya kulala Maungu na Mtito Andei, hivyo hivyo. Hakuna aliyewaandikia barua ya kuwafuta kazi, maana hakuna aliyekuwa amewaandika. Kazi iliisha tu.

Watu walitoka. Kila Jumatatu kulikuwa na maandamano mjini, Black Monday, na wengine walikula marungu na kukamatwa. Wengine wakaenda mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema wazi kwamba amri ile ilikiuka Katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Hata hivyo wenye mizigo waliendelea kulalamika, hadi Septemba 13, 2022, rais mpya alipotangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Sasa tuseme ukweli ambao wengine wetu hawataki kuusikia. Treni haikuwa na makosa. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi imemeza watu wetu wengi, wakiwemo madereva wenyewe waliolala usukani baada ya kuendesha usiku kucha. Malori mazito yanaharibu lami na moshi wake tunauvuta sisi wa Changamwe na Jomvu. Mzigo mzito wa safari ndefu kupanda reli ni jambo la busara. Nchi nyingi zinafanya hivyo, na hata sisi tulifanya tangu Waingereza walipoanza kujenga reli ya zamani hapa Mombasa mwaka 1896.

Makosa yalikuwa kumlazimisha mtu. Mseto maana yake ni kuchagua chombo kinachofaa. Mwenye mzigo anapiga hesabu: bei, muda, usalama. Ukimwambia hana chaguo, hesabu inaharibika. Kontena lililofika Embakasi kwa treni bado lilihitaji lori la kulipeleka hadi ghalani, kisha mtu wa kurudisha kontena tupu. Mfanyabiashara akalipa treni, akalipa lori, na akichelewa akalipa faini. Gharama hiyo haikupotea hewani. Iliingia kwa bei ya mchele, mafuta ya kupikia na mitumba. Tuliilipa sisi.

Na kuna jambo dogo ambalo kila kijana wa Pwani anapaswa kulielewa. Kila kontena lina hati ya meli, karatasi inayosema mzigo ni wa nani na unaishia wapi. Hati ikiandika kwamba mwisho wa safari ni Mombasa, kazi ya kuutoa inafanyika hapa. Ikiandika Nairobi, mzigo unapita tu kama mgeni wa njiani, na kazi inafuata mzigo. Neno moja kwenye karatasi linaamua kama familia ya Likoni itakula au la. Kwa hivyo tusifikiri vita vya bandari vinapiganwa barabarani peke yake. Vinapiganwa pia kwenye makaratasi ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasoma.

Msimamo wetu ni huu.

Kwanza, reli ishindane. Ikiwa na bei nzuri na ikifika kwa wakati, mizigo itaifuata yenyewe. Isitegemee amri.

Pili, hakuna uamuzi mkubwa wa bandari, uwe wa Mombasa au wa Lamu iliyoanza kupokea meli Mei 2021, ufanywe bila wakaazi kusikizwa. Kifungu cha 10 cha Katiba kinasema ushiriki wa wananchi ni msingi wa utawala. Kumwita mzee wa mtaa hotelini, kumpa soda na kumtilisha sahihi, huko si kushirikisha.

Tatu, mikataba iwe wazi. Mwaka 2022 ilibidi wanaharakati wapate amri ya mahakama ndipo serikali itakiwe kutoa mikataba ya SGR. Deni ni letu sote, kwa nini karatasi ziwe siri?

Nne, na hili ni letu wenyewe: tusome kazi hii. Bandari ya kesho haitahitaji mikono mingi ya kubeba magunia. Itahitaji watu wanaojua forodha, wanaoendesha kreni, wanaopanga safari ya kontena kutoka melini hadi behewani hadi mlangoni kwa mteja, wanaotengeneza makontena ya baridi. Kozi zipo, hata za muda mfupi. Tukikaa barazani tukisema bandari ni yetu kwa sababu babu zetu waliishi hapa, watakuja wenye vyeti watupite, kisha tutaandamana tena.

Kazi zilirudi Mombasa mwaka 2022 kwa tamko. Kilichorudi kwa tamko kinaweza kuondoka kwa tamko. Kitakachoizuia ni sisi kujua sheria, kujua kazi, na kufika kwenye vikao kabla muhuri haujapigwa.

Ukisikia kuna kikao cha maoni kuhusu bandari au reli mtaani kwako, usikipite. Ingia, kaa mbele, uliza: mzigo huu utatolewa wapi?