Kufuta Aplikesheni Siyo Kujitoa: Jamaa Aliyeumbuliwa na Meseji ya Benki

Kuna jamaa mmoja mjini, anafahamika sana kwenye kurasa za mitindo Insta, nusura harusi yake ife kabla kadi za mchango hazijasambazwa. Hakukutwa gesti wala hakunaswa na meseji za mchepuko. Kilichomuumbua ni meseji ya benki.

Stori iko hivi. Kabla hajampata mdada aliye naye sasa, jamaa alikuwa kwenye aplikesheni ya kutafuta wachumba, tena siyo ile ya bure, ile ya kulipia kila mwezi inayokuonyesha nani kakupenda. Mambo yalipokuwa siriasi alichukua simu mbele ya mdada, akaifuta. Mdada akaona kwa macho yake, roho ikatulia.

Miezi saba baadaye, mahari imeshatajwa, wako kwenye bajaji wanatoka kuangalia ukumbi. Simu ya jamaa iko mikononi mwa mdada. Meseji ikaingia: kadi imekatwa shilingi 25,000, na pembeni jina la aplikesheni ile ile. Mdada akapandisha juu kwenye meseji za nyuma. Mwezi uliopita ipo, na mwezi wa kabla yake ipo. Akahesabu mara saba.

"Si ulisema umefuta?"

"Nimefuta! Si uliona mwenyewe?"

Cha ajabu, wote wawili walikuwa wakweli.

Stori ilipovuja, watu wakamwaga povu. Wengine wakasema wanaume ni wale wale, wengine wakasema mdada ana wivu wa kijinga na anapekua simu. Ukweli ni kwamba timu zote mbili zilihukumu bila kujua kitu kimoja kidogo ambacho vijana wengi wa mjini hawakijui: kuifuta aplikesheni kwenye simu hakusimamishi malipo.

Ni kama mpangaji anayehama usiku, anafunga mlango na kwenda zake bila kumwambia mwenye nyumba. Yeye anajua kahama, ila kodi inahesabiwa. Makubaliano ya kulipa hayakai ndani ya kile kipicha unachokibonyeza, yanakaa kwenye akaunti yako ya duka, Google Play kwa wenye Android au Apple kwa wenye iPhone. Kadi yako iko huko, na tarehe ikifika inakatwa, aplikesheni iwepo kwenye simu au isiwepo.

Kuna la pili, na kwa mtu mwenye mchumba hili ni baya zaidi. Ukifuta aplikesheni ya namna hii, akaunti yako haifutiki. Picha na maelezo yako vinaweza kubaki kule, watu wanavitazama, wewe uko ukumbini unachagua rangi za vitambaa.

Kwa hiyo milango ni mitatu, na inafungwa kwa mpangilio. Kwanza malipo: mwenye Android anafungua Play Store, anagusa picha yake juu, anaingia sehemu ya malipo na usajili, anachagua aplikesheni na kughairi. Mwenye iPhone anaingia kwenye mipangilio, anagusa jina lake juu kabisa, kisha sehemu ya usajili. Pili, anaingia ndani ya aplikesheni yenyewe na kufuta akaunti. Tatu ndipo aitoe kwenye simu. Wengi wanaanza na mlango wa tatu na kuishia hapo hapo.

Na wale wa "siku saba za bure" wasicheke. Ukishaweka kadi, siku hizo zikiisha bila kughairi, makato yanaanza. Apple wenyewe wanataka ughairi angalau saa 24 kabla muda wa majaribio haujaisha. Na kwa kawaida aliyekwisha kulipia mwezi akighairi mapema hapotezi kitu, anaendelea kutumia mpaka siku zake ziishe. Hakuna sababu ya kusubiri.

Sasa lawama ni za nani? Jamaa ana zake. Mtu anayejua bei ya kila kiatu anakatwaje hela miezi saba bila kusoma meseji za benki? Lakini waliotengeneza hizi huduma wana zao kubwa zaidi. Kujiunga ni mguso mmoja, saa sita usiku, ukiwa na usingizi. Kujitoa unatafuta njia kama umeshushwa stendi usiyoijua. Wanajua mtu atasahau. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe ni cha kwao.

Na siyo vijana wa Bongo tu wanaolia. Huko Marekani, tume ya serikali ya biashara, FTC, iliishtaki Amazon mwaka 2023 kwa madai ya kuwaingiza watu kwenye huduma yake ya Prime bila ridhaa yao na kuwazungusha wakitaka kutoka. Septemba 2025 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kuimaliza kesi, na bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja. Haikukiri kosa, lakini hela hiyo siyo ya kuchezea.

Turudi kwa jamaa. Ili kufuta akaunti, ilibidi aipakue aplikesheni upya, tena mdada na dada yake wakiwa wamekaa pembeni kama mahakimu. Ndani kulikuwa na meseji kibao za wanawake, na hakuna hata moja aliyoijibu ndani ya miezi ile saba. Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Akaghairi malipo, akafuta akaunti, akatoa aplikesheni. Shilingi 175,000 zimekwenda. Vikao vya harusi vinaendelea.

Mdada naye anastahili heshima yake. Alipewa nafasi ya kuondoka na sababu mkononi, akachagua kuangalia kwanza. Wangapi mjini wameachana kwa meseji moja ambayo hakuna aliyekaa chini kuisoma vizuri?

Wewe je, ukiingia kwenye orodha ya malipo yako usiku huu, utakuta nini bado kinakukata? Tiririka hapo chini.