Lektini Si Sumu ya Klipu: Wacheni Madondo Yetu

Wasee, leo niko na hasira. Sistangu ako sekondari, na wiki jana alirudisha sahani ya madondo. Eti "iko na lektini." Aliskia kwa klipu ya jamaa fulani mwenye misuli na sauti ya kutisha. Na mathe alikuwa ameyachemsha hayo madondo tangu saa nane mchana!

Nikamuuliza, lektini ni nini? Kimya. Neno tu ndilo lilimtisha.

Sasa skizeni. Mwaka wa 1888, mwanafunzi anaitwa Hermann Stillmark, katika Chuo Kikuu cha Dorpat, leo Tartu huko Estonia, aliona protini ya mbegu za mbarika ikifanya chembe nyekundu za damu zigandamane. Baadaye ikagunduliwa kuwa zingine zinabagua: kuna protini ya maharagwe inayoshika damu ya grupu A, ile ya B inaiacha. Ndiyo maana 1954 William Boyd na Elizabeth Shapleigh waliziita lektini, kutoka kitenzi cha Kilatini legere. Maana yake kuchagua. Si kuua, si kutoboa tumbo. Kuchagua, vile mathe huchagua mawe kwa maharagwe kabla ya kupika.

"Lakini maharagwe mabichi yanatapisha!" Ni kweli, sibishi. Maharagwe mekundu yakiiva nusu yatakulaza chini. Lakini dawa inajulikana: loweka usiku, mwaga hayo maji, chemsha yatokote si chini ya dakika 10. Moto unaimaliza hiyo lektini. Na nani Kenya hii hula madondo ya dakika tano?

Kinachoniuma ni hiki. Kabla niache chuo, hilo neno nililikariri, nikaliandika kwa mtihani, nikapewa alama. Hakuna aliyeniambia limetoka wapi. Ukikariri neno bila maana, yeyote mwenye simu na taa anaweza kukutishia nalo.

Walimu, tupeni maana, si orodha. Na wewe wa klipu, kama unauza unga wa protini, sema unauza. Usichafulie watu chakula wanachomudu.

By the way, legere pia ni kusoma. Basi someni kabla ya kushea.

Mimi napasha chapo. Sista, sahani yako iko kwa meza.